Tunaposoma maisha ya mtu, nasi tunatoa ushahidi

Sifa zote njema zinamstahikia Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ijumaa hii tumependa tuzungumze jambo ambalo kwa juu juu laonekana kuwa ni la wasomi peke yao, ilhali linaingia katika kila nyumba yetu. Nalo ni namna tunavyovipokea na kuvisema vitabu vinavyoeleza maisha ya watu, yaani wasifu ulioandikwa na mtu mwengine, au tawasifu na kumbukumbu alizoziandika mwenyewe.

Pita barazani Kikwajuni baada ya sala ya Isha, iwe Kikwajuni Juu au Bondeni, au chini ya zile nyumba za ghorofa zilizojengwa kwa msaada wa Ujerumani ya Mashariki baada ya 1964. Kitabu cha fiqhi hujadiliwa pale kwa upole. Kitabu cha maisha ya mtu kikitajwa, sauti hupanda. Huyu atasema kitabu kile ni kweli tupu, na yule atasema ni uwongo mtupu. Na ukiwauliza wamesoma kurasa ngapi, utakuta mmoja ameona jalada na mwenziwe amesimuliwa. Swali la kwanza linaloulizwa aghlabu ni hili: aliyekiandika ni wa upande gani? Jibu likishapatikana, hukumu nayo huwa imeshapita.

Sisi tunaona hapa pana hatari ambayo hatuipi uzito wake. Mtu anayesimulia maisha yake au ya mwenzake anatoa ushahidi. Na msomaji anayesema kwamba mtu huyu kasema kweli, au kasema uwongo, naye anatoa ushahidi juu ya shahidi. Sura ya An-Nisaa, aya ya 135, inatuamrisha kusimama imara katika uadilifu hata kama ushahidi wetu utakuwa dhidi ya nafsi zetu, wazazi wetu au jamaa zetu. Sura ya Al-Maida, aya ya 8, inatukataza chuki yetu kwa watu isitupeleke kwenye kutokuwa waadilifu. Amri hizi mbili hazikuishia mbele ya kadhi. Zinatufuata barazani, na zinatufuata tukiwa na kitabu mkononi.

Elimu hii ni yetu tangu zamani

Waislamu hatukuazima kwa mtu elimu ya kupima habari za maisha ya watu. Ibn Is-haq, aliyefariki kwenye mwaka wa 150 Hijria (767 Miladia), alikusanya sira ya Mtume (S.A.W.), nayo ikatufikia zaidi kwa mkono wa Ibn Hisham, aliyefariki 218 Hijria (833 Miladia). Ibn Hisham hakuficha kwamba ameipunguza kazi ile. Alieleza mwanzoni mwa kitabu chake kuwa ameacha baadhi ya mambo, yakiwamo mashairi ambayo wajuzi hawakuyatambua na maneno ambayo kuyataja ni aibu au yangewaudhi watu. Kwa hiyo kitabu cha wasifu kinachosomwa kuliko vyote katika umma huu kina mhariri, na mhariri huyo alimwambia msomaji wake alichokifanya. Huo ndio uaminifu tunaotakiwa tuutafute kwa kila mwandishi wa maisha ya watu.

Akaja Ibn Saad, aliyefariki 230 Hijria (845 Miladia), akawapanga watu kwa tabaka zao na kuwatengea wanawake juzuu nzima. Wataalamu wa hadithi nao wakajenga elimu ya wapokezi. Kwa kila mpokezi waliuliza: alizaliwa lini, alikutana na nani, kumbukumbu yake ilikuwaje, na je, palikuwa na jambo la kumvuta upande? Mtu aliweza kuwa mcha Mungu mkubwa na bado riwaya yake ikaachwa kwa sababu alikuwa akisahau. Na mtu aliweza kupingwa katika baadhi ya itikadi zake, na bado riwaya yake ikapokewa kwa sababu ulimi wake ulikuwa mkweli. Wazee wetu hao walijua kutenganisha kumpenda mtu na kumsadiki.

Upo mfano mmoja unaotufaa sana. Imam Malik na Ibn Is-haq waliishi zama moja, na kila mmoja alimsema mwenziwe kwa maneno makali. Lau wanavyuoni wa baada yao wangekuwa na mazoea yetu ya barazani, wangeligawana pande mbili, na sira ingetupwa. Wao walimheshimu Malik katika elimu yake, wakamtegemea Ibn Is-haq katika habari za vita vya Mtume (S.A.W.), na maneno ya ugomvi wakayaweka kando. Imam Dhahabi, aliyefariki 748 Hijria (1348 Miladia), aliiweka kanuni hii wazi katika Mizan al-Itidal: maneno ya watu wa zama moja, mmoja dhidi ya mwenziwe, hayapewi uzito, khasa ikidhihiri kuwa yametokana na uadui, husuda au madhehebu. Mwenye kuishika kanuni hiyo ameshapata nusu ya dawa ya ugonjwa wetu.

Wanavyuoni wetu katika kalamu moja

Tuje kwenye ardhi yetu. Sheikh Abdallah Saleh Farsy, aliyezaliwa hapa Unguja 1912 na kufariki Maskati 1982, alikuwa Kadhi wa Zanzibar na baadaye Kadhi Mkuu wa Kenya. Wengi tunamjua kwa tafsiri yake ya Qur'ani iliyotoka kamili Nairobi 1969. Wachache wanakijua kitabu chake cha Baadhi ya Wanavyuoni wa Kishafi wa Mashariki ya Afrika, kilichochapishwa Mombasa 1972. Humo tunawakuta Sheikh Muhyiddin Al-Qahtany, Sheikh Abdulaziz Al-Amawy aliyetoka Barawa, Sayyid Ahmad bin Sumeit na Sheikh Abdallah Bakathir, hawa wawili wa mwisho wakiwa wamefariki mwaka mmoja, 1925. Tunaelezwa nani alisoma kwa nani, nani alisafiri kwenda wapi kutafuta elimu, na nani aliacha wanafunzi gani.

Maoni ya wasomaji juu ya kitabu hiki yamekuwa ya namna mbili. Wapo wanaokiona kuwa ni hazina, na wamo wanahistoria wa vyuo vikuu vya nje. Randall Pouwels alikitafsiri kwa Kiingereza na kukitoa Marekani 1989, na kila anayeandika habari za maulamaa wa pwani hii hulazimika kukirejea. Wapo pia wanaolalamika kuwa kimekusanya sifa nyingi na ukosoaji mchache, na kwamba wanavyuoni wa Kiibadhi, ambao Zanzibar ilikuwa nao wengi, hawamo, wala wanawake waliosomesha majumbani hawakupewa nafasi yao.

Sisi tunasema maoni yote mawili yana haki. Kitabu kimejifunga kwa Mashafi kwa jina lake lenyewe, basi tusikilaumu kwa ambacho hakikuahidi. Lakini pia tusikifanye kuwa ndiyo historia yote ya elimu katika visiwa hivi. Shahidi aliyesema kweli juu ya alichokiona hawi muongo kwa kutokusema asichokiona. Lililobaki ni juu yetu: kuwatafuta mashahidi wengine.

Bibi Salme na wasomaji wake watatu

Kitabu cha kumbukumbu mashuhuri kuliko vyote vilivyotoka Zanzibar ni cha Sayyida Salme binti Said, aliyezaliwa Mtoni 1844, binti wa Sayyid Said bin Sultan. Aliondoka Unguja 1866 kwa manowari ya Kiingereza, akabatizwa Aden 1867 na kuolewa na mfanyabiashara wa Kijerumani, Heinrich Ruete, akahamia naye Hamburg. Mumewe alifariki kwa ajali 1870, akabaki mjane ugenini na watoto watatu. Kitabu chake kilichapishwa Berlin 1886, naye akafariki Ujerumani Februari 1924.

Ukikitaja kitabu hiki katika nyumba za Kiislamu utakutana na wasomaji wa aina tatu. Wa kwanza husema: mwanamke huyu aliiacha dini, kwa nini tusome maneno yake? Wa pili hukipenda kwa sababu kinamwonesha nyumba za Mtoni na Beit al-Sahel kwa ndani, vyakula, mavazi, sikukuu na malezi, mambo ambayo hakuna mtu mwengine wa zama zile aliyeyaandika kwa upana ule. Humo tunasoma jinsi binti mdogo alivyojifundisha kuandika kwa siri, akiiga herufi za msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia. Wa tatu hukasirika, kwa kuwa ameutetea utumwa wa nyumbani kwao kwa hoja ambazo mtu mwenye babu au bibi aliyeuzwa hawezi kuzisikia bila ya kuumia.

Msomaji mwadilifu hamtupi hata mmoja kati ya watatu hawa. Kuritadi kwake ni msiba kwetu, na hesabu yake iko kwa Mola wake. Lakini kuhusu namna Idi ilivyosherehekewa Mtoni yeye ni shahidi aliyekuwapo, na ushahidi wa aliyekuwapo haukataliwi kwa jambo jengine lisilohusiana nao. Na kuhusu utumwa yeye ni shahidi mwenye maslahi, kwa kuwa alilelewa kwa mikono ya waliomilikiwa. Hapo neno lake hupimwa, na huulizwa: je, waliokuwa jikoni nao wangesimulia hivyo hivyo? Hivi ndivyo kitabu kimoja kinavyoweza kupokewa katika ukurasa mmoja na kusimamishwa katika ukurasa mwengine.

Swali hilo hilo la waliokuwa jikoni linatufikisha kwa Hamed bin Muhammed El-Murjebi, yaani Tippu Tip, ambaye nyumba yake ingali inaoneshwa Shangani. Habari za maisha yake zilichapishwa na Heinrich Brode Ujerumani 1902 na 1903, kwa Kiswahili cha mwenyewe, naye akafariki mjini hapa 1905. Ni miongoni mwa tawasifu za mwanzo kabisa za Kiswahili, na wapenzi wa lugha huisifu kwa ufasaha wake. Ndani yake mna misafara, pembe za ndovu, vita na madeni. Waliobebeshwa pembe zile na waliotekwa katika vita vile hawana sauti humo. Basi tukimsifu msimulizi kwa lugha yake, ni haki tukumbuke kuwa katika kila safari yake walikuwapo mamia ya watu ambao maisha yao hayakuandikwa na yeyote, na baadhi ya vizazi vyao ni majirani zetu.

Mwimbaji na mwandishi

Shaaban Robert, mtu wa Tanga, aliandika Wasifu wa Siti binti Saad, uliotoka 1958. Siti alizaliwa Fumba katika hali ya unyonge, akauza vyungu, akawa mwimbaji wa taarabu ambaye sauti yake ilifika Bombay 1928 ili itiwe katika sahani za santuri. Alifariki 1950.

Tunajua kuwa wapo wazazi wanaouliza: kuna faida gani kwa kijana wa Kiislamu kusoma maisha ya mwimbaji? Swali ni la haki, wala hatutaki kuifungua hapa mas-ala ya muziki, ambayo wanavyuoni wameshaizungumza. Tunasema tu kwamba mwandishi yule alitazama mtu aliyezaliwa pasipo mali wala nasaba ya kujivunia, akaona subira, bidii na kujiheshimu, akaandika. Hadi wakati ule, aliyekuwa akiandikwa katika visiwa hivi ni mfalme, tajiri, mwanachuoni au mgeni wa Kizungu. Binti wa Fumba kuandikwa kitabu kizima lilikuwa jambo jipya, na funzo lake ni kwamba wasifu si haki ya wakubwa peke yao. Kwa upande mwengine, Shaaban Robert aliandika kwa mapenzi, na anayependa huona mazuri kwanza. Msomaji anaruhusiwa kuyapenda maandishi yale na bado akakumbuka kuwa hiyo ni picha ya mpenzi.

Vitabu vya 1964

Sasa tunafika panapochoma. Mapinduzi ya Januari 12, 1964 yameandikwa na watu wengi walioyaishi, na kila kitabu kimekuta wasomaji waliokwisha kujigawa. John Okello, aliyejiita Fildi Masho, alichapisha kumbukumbu zake Nairobi 1967, baada ya kufukuzwa visiwani. Amejiweka katikati ya kila tukio na kutoa hesabu za waliouawa kwa tarakimu kamili, nao wanahistoria wamezitilia shaka. Sheikh Ali Muhsin Barwani, waziri katika serikali iliyopinduliwa, aliyewekwa magereza ya Bara kwa takriban miaka 10 bila ya hukumu, alichapisha kumbukumbu zake Dubai 1997. Mwaka 2010 Harith Ghassany alitoa Kwaheri Ukoloni, Kwaheri Uhuru!, akikusanya simulizi za wengi walioshiriki na walioathirika.

Kwa baadhi ya nyumba, kitabu cha Barwani ni sauti ya mzee aliyedhulumiwa. Kwa nyumba nyengine, ni maneno ya mtu wa utawala uliowanyima haki wengi. Kinachosikitisha ni kuwa nyumba hizo mbili huwa ukuta kwa ukuta, watoto wao wanakwenda skuli moja na chuo kimoja cha Qur'ani, na kila mtoto amerithi nusu ya hadithi. Yule wa huku anajua nani aliuawa 1964 na hajui nani alinyimwa ardhi kabla yake. Yule wa kule anajua kinyume chake. Wote wawili wataapa kwamba wanaijua historia ya Zanzibar.

Kipo kitabu kimoja ambacho umbo lake peke yake ni funzo. Mwaka 2009 mwanahistoria wa Kimarekani, Thomas Burgess, alitoa kumbukumbu za watu wawili ndani ya jalada moja: Ali Sultan Issa, mwanamapinduzi mwenye fikra za kikomunisti aliyekuwa waziri katika serikali ya Mzee Karume na baadaye akafungwa kufuatia mauaji ya Mzee Karume ya 1972, na Maalim Seif Sharif Hamad, aliyekuwa Waziri Kiongozi 1984 hadi 1988, akawekwa ndani 1989 hadi 1991, na kufariki Februari 2021 akiwa Makamu wa Kwanza wa Rais. Wote wawili kwa nyakati tofauti walishika Wizara ya Elimu. Mambo ambayo mmoja anayaona kuwa ni ukombozi, mwengine anayakumbuka kuwa ni milango iliyofungwa mbele ya kizazi chake. Msomaji aliyenunua kitabu kwa ajili ya mmoja analazimika kumbeba na mwengine hadi nyumbani. Tunatamani kila rafu ya vitabu katika nyumba zetu ingekuwa hivyo.

Atauliza muulizaji: je, aliyedhulumiwa anapowataja waliomdhulumu hasengenyi? Imam Nawawi, aliyefariki 676 Hijria (1277 Miladia), katika Riyadhus-Salihin kinachosomwa katika darsa zetu, ametaja mambo sita yanayoruhusu kumtaja mtu kwa asilolipenda, na la kwanza ni malalamiko ya aliyedhulumiwa mbele ya anayeweza kumpatia haki yake. La nne ni kuwahadharisha Waislamu na shari, na humo ameingiza kuwataja wapokezi na mashahidi kwa aibu zao. Kwa hiyo kusimulia dhulma ili haki ijulikane ni jambo lenye mlango katika sheria. Kumtusi maiti ili kuwaudhi wanawe halina mlango. Mtume (S.A.W.), katika hadithi ya Bibi Aisha (R.A.) aliyoipokea Imam Bukhari, amekataza kuwatukana waliokufa, kwani wameshayafikia waliyoyatanguliza.

Ukweli na stara

Jambo jengine linalowatatiza wasomaji wa Kiislamu ni kumbukumbu za zama hizi zinazosifiwa kwa kuanika kila kitu. Wasomaji wengine husema kuwa kitabu kisichotoa siri si kitabu. Sisi hatukubaliani nao. Katika hadithi ya Abu Huraira (R.A.) waliyoipokea Bukhari na Muslim, tumehadharishwa juu ya mtu anayefunikwa na Mola wake usiku, kisha yeye akajifunua asubuhi. Dhambi iliyo baina ya mja na Mola wake mahali pake ni toba, wala msomaji hana haki ya kuidai. Lakini haki ya watu haifunikwi kwa hoja ya stara. Aliyekuwa na mamlaka na amri yake ikawaumiza watu, kunyamaza kwake juu ya jambo hilo katika kitabu cha maisha yake ni upungufu, na msomaji ana haki ya kuuliza.

Kwa mzani huo ndivyo tunavyopenda kisomwe kitabu cha Mzee Ali Hassan Mwinyi, Mzee Rukhsa: Safari ya Maisha Yangu, kilichozinduliwa Dar es Salaam Mei 8, 2021, siku aliyotimiza miaka 96. Mzee aliletwa Mangapwani akiwa mtoto ili asome dini, akawa mwalimu, waziri, Rais wa Zanzibar na Rais wa Muungano, na Mangapwani ndiko alikozikwa Machi 2024. Wapo wanaomsoma kwa mapenzi ya upole wake, na wapo wanaomsoma wakitafuta majibu ya yaliyotokea katika miaka 10 ya urais wake. Wote wakumbuke kwamba mwaka 1977, akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu kwa sababu ya vifo vya watu waliokuwa mikononi mwa vyombo vya dola chini ya wizara yake, ingawa si yeye aliyewatesa. Ukurasa wa namna hiyo katika maisha ya kiongozi unafaa kusomewa vijana nyumbani.

Na mfano ulio juu ya mifano yote ni wa Nabii Yusuf (A.S.). Alipoitwa atoke gerezani hakutoka mpaka kadhia yake ichunguzwe, kama ilivyo katika aya ya 50 ya sura yake. Basi kutaka jina lisafishwe si kiburi. Lakini alipoitaja kadhia ile aliwataja wanawake waliojikata mikono, asimtaje kwa jina mke wa bwana wake. Na alipokutana na wazazi na ndugu zake, katika aya ya 100, alishukuru kutolewa gerezani na hakutaja kisima. Wafasiri wameeleza kuwa alichelea kuwaaibisha ndugu zake, ilhali wameshatubia. Aliyasema yaliyohitajika ili haki ithibiti, na akayafunika yasiyoongeza ila fedheha.

Adabu za msomaji

Kutokana na hayo tunawausia ndugu zetu mambo manne. La kwanza, tusitoe maoni juu ya kitabu tusichokisoma. Sura ya Al-Hujurat, aya ya 6, inatuamrisha kuhakikisha habari kabla hatujawadhuru watu kwa ujinga tukaja kujuta. Na anayesema kuwa fulani kaandika uwongo naye hajakifungua kitabu, amebeba habari asiyoihakikisha.

La pili, tutenganishe alichokiona mwandishi, alichosikia na anachodhani. Katika kila kitabu cha kumbukumbu mambo matatu haya yamechanganyika, na kwa aghlabu mwandishi mwenyewe huacha alama: nilikuwapo, niliambiwa, nahisi. Mzazi akimfundisha mwanawe kuzitambua alama hizo, amempa elimu ya kumfaa katika magazeti, redio na kila kinachomfikia kwenye simu.

La tatu, tukisoma kitabu cha upande mmoja, tusifunge hesabu mpaka tusome cha upande wa pili. Kadhi hasikilizi mdai akahukumu kabla hajamsikia mdaiwa, na sisi si bora kuliko kadhi.

La nne, tukikosoa tukosoe neno tukiacha utu wa msemaji. Kusema kuwa tarehe hii si sahihi, au jambo hili limekuzwa, ni elimu. Kusema kuwa mwandishi huyu ni mtoto wa fulani na kwa hiyo ni muongo, ni katika dharau na majina mabaya yaliyokatazwa katika Sura hiyo hiyo ya Al-Hujurat. Tumkumbuke yule aliyefilisika aliyetajwa katika hadithi ya Imam Muslim: anakuja Siku ya Kiyama na sala na funga zake, kisha zinagawiwa kwa aliowatusi na kuwasingizia. Maoni yetu juu ya vitabu nayo yamo katika daftari hilo.

Mashahidi walio nyumbani

Tumalizie kwa lile ambalo mkono wetu unalifikia. Nyaraka za Taifa ziko Kilimani, hatua chache kutoka Kikwajuni, na humo mna barua na kumbukumbu za watawala wa zama mbalimbali. Lakini waliokuwa vijana 1964 leo wamepindukia miaka 80, na kila mwezi tunawazika. Mzee aliyeshuhudia mitaa ya Ng'ambo ikibomolewa na majumba yakisimamishwa, bibi aliyesomesha watoto wa mtaa mzima Juzuu Amma ukumbini kwake, fundi, mvuvi na mkunga, hawa hawataandikwa na mtu wa Berlin wala Dubai. Tusipowauliza sisi, watakwenda na ushahidi wao, na wajukuu zetu watabaki na vitabu vya wakubwa, kisha watagombana juu yake kama tugombanavyo sisi.

Basi kila nyumba itafute daftari. Kijana mmoja apewe kazi ya kumkalia babu au bibi yake baada ya Alasiri, amuulize alizaliwa wapi, alisoma kwa nani, aliona nini kwa macho yake. Aandike tarehe ya mazungumzo na majina ya waliokuwapo, kama walivyokuwa wakifanya wapokezi wa hadithi. Mzee akisema jambo hili usilitangaze, lisitangazwe, kwa kuwa hiyo ni amana. Na akimaliza asomewe, ili apate kusahihisha kabla hajaondoka. Mtoto aliyewahi kuibeba amana ya maneno ya mzee wake atakuwa mzito wa kuyavunjia heshima maneno ya mzee wa jirani, hata yakiwa kinyume na aliyoyasikia nyumbani kwao.

Tunamuomba Allah (S.W.) atujaalie kuwa mashahidi waadilifu juu ya nafsi zetu na juu ya wenzetu, awarehemu waliotutangulia wa kila upande, na azitakase nyoyo zetu na chuki tulizozirithi bila ya kuziuliza. Amin.

Wabillahi tawfiq.